Tangu nilipojua rangi ya mdomo wa mwewe

Kwa miaka mingi ndege walikuwa na maana moja tu kwangu: hasara. Mimi ni mama wa ndagala, samaki wadogo wa ziwa Tanganyika. Nanunua alfajiri mitumbwi inapofika ufukweni hapa Kalemie, naanika juu ya mchanga na juu ya vichanja, nageuza, nafunga magunia, kisha natafuta nafasi kwenye treni au kwenye lori. Kati ya kuanika na kufunga kuna saa za jua kali ambazo mtu hawezi kuondoka, kwa kuwa ndagala zilizotandazwa zinaita kila mwenye mabawa. Mwewe anashuka kwa kasi na kupaa nazo, kunguru anakuja kwa miguu, yangeyange anazunguka pembeni akifuata nzi, na ukigeuka tu naye anaonja. Kazi yangu ilikuwa fimbo na kelele. Msichana aliyekuja kuniomba kibarua nilimwuliza kwanza kama anaweza kupiga kelele kutwa nzima.

Leo bado naanika ndagala na bado nafukuza ndege. Lakini anayefanya kazi hiyo si yule wa zamani, na hilo ndilo ninalotaka kulishuhudia.

Aliyenianzisha ni mzee mmoja, mwalimu wa biolojia aliyefundisha sekondari tangu enzi za Zaire. Alikuwa mteja wangu wa kununua kidogo kidogo. Asubuhi moja alinikuta nimekasirika, mwewe ametoka kuchukua samaki mbele ya macho yangu. Badala ya kunipa pole akaniuliza, "Mama, huyo aliyekuibia, mdomo wake una rangi gani?" Nilikosa jibu. Ndege hao walikuwa juu ya kichwa changu tangu nikiwa binti mdogo nikimsaidia mama yangu kwenye mchanga huohuo, na sikuweza kusema kama mdomo wao ni mweusi, mwekundu au wa njano. Mzee hakucheka. Alisema, "Basi kesho mtazame kwanza, ndipo umfukuze," akalipa, akaenda zake.

Kesho yake nilimtazama. Alikuja chini kiasi kwamba niliona kichwa kikigeuka kushoto na kulia huku mwili umetulia hewani. Mkia wake, uliopasuka mwishoni, ulikuwa unajipinda, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, na kila ulipojipinda naye alibadili njia: mkia ndio usukani. Mdomo ulikuwa wa njano tangu mzizi hadi ncha, na miguu vilevile. Aliposhuka hakutua. Alinyoosha mguu, akakwapua ndagala chache, akazila hukohuko angani kwa kuinamisha kichwa mpaka kwenye kucha. Fimbo ilikuwa mkononi mwangu na sikuiinua.

Mchana akapita mwingine mwenye mdomo mweusi. Nikadhani nimekosea, lakini mzee alinieleza kwamba mwewe wetu akiwa mchanga mdomo wake huwa mweusi, ukageuka njano anapokomaa. Na kwamba kuanzia karibu mwezi wa Oktoba huingia pia mwewe wa kutoka Ulaya na Asia, ambao mdomo unabaki mweusi maisha yao yote. Yaani katika hao waliokuwa wananizunguka, baadhi yao walikuwa wamevuka Sahara. Nilikaa na neno hilo siku nzima. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba Kalemie ni mahali watu wanapopita wakienda kwingine, kwa meli, kwa treni, kwa miguu wakati wa vita. Kumbe kuna wanaotoka mbali sana na huku ndiko wanakokuja.

Basi nikaanza. Sikuwa na darubini wala kitabu. Nilikuwa na daftari la madeni, ukurasa wa kulia majina ya wanaodaiwa, ukurasa wa kushoto mweupe. Huko kushoto nikaandika ndege. Mzee alinipa sharti moja: nisiandike jina kabla ya kuandika nilichokiona. Kwanza ukubwa, nikimlinganisha na ndege ninaowajua tayari: ni mdogo kuliko tetere? Anamzidi kunguru? Kisha mdomo, kwa sababu mdomo unakuambia anakula nini. Kisha miguu, mwendo, sauti, na mahali alipokuwa: majini, kwenye matete, juu ya mchikichi, ardhini. Rangi mwisho, maana rangi inadanganya jua likiwa nyuma ya ndege. Mpaka leo, mtu akiniuliza aanze vipi, namwambia hayohayo, na namwambia aanze na ndege wa uani kwake, wale anaodhani anawajua.

Ndege niliyempenda kuliko wote ni mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayekaa kwenye pua za mitumbwi. Kila mtu wa ziwa hili amemwona. Je, ni wangapi wanajua kwamba dume ana mikanda miwili myeusi kifuani na jike ana mmoja tu, nao umekatika katikati? Mimi nilijua baada ya kuwatazama wawili wamekaa bega kwa bega juu ya kamba ya nanga. Tangu hapo sijaweza kumwona mdiria bila kumwangalia kifua. Anaruka juu ya maji, anasimama hewani palepale, mabawa yanapiga haraka, kichwa kimeelekea chini hakitikisiki hata kidogo, halafu anajiachia. Samaki akiwa mdogo anammeza akiwa bado angani, hana haja ya kurudi pwani, na ndiyo sababu anaweza kuvua mbali na ukingo kuliko ndugu zake wengine. Akiwa mkubwa anarudi naye kwenye mtumbwi, anampigiza ubaoni, pa, pa, pa, kisha anamgeuza ili kichwa kitangulie kuingia kooni.

Mzee alinisimulia kuhusu mtafiti mmoja, Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza midiria hawa nchini Kenya, katika ziwa Victoria na ziwa Naivasha. Aligundua kwamba wazazi hawalei peke yao. Madume vijana, mara nyingi watoto wao wa msimu uliopita, wanabaki nyumbani na kuleta samaki kwa wadogo zao. Na kule Victoria, ambako kuvua ni kazi ngumu zaidi, hata madume wasio wa ukoo hukubaliwa kusaidia. Mimi nimelelewa na kaka yangu mkubwa. Nilipokwenda kwenye kingo za udongo za mto Lukuga, ambako wanachimba mashimo yao marefu ya kutagia, na nikaona ndege watatu wakiingiza samaki katika shimo moja, nilikaa chini.

Kitabu cha kwanza nilichokishika kilikuwa cha mzee huyo, "Les oiseaux du Zaïre" cha Lippens na Wille, cha mwaka 1976, jalada limeliwa na unyevu. Ni vigumu kukipata siku hizi. Vitabu vipya vizuri vimetupita pembeni: kile cha Stevenson na Fanshawe cha mwaka 2002 kinahusu Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, kinaishia katikati ya ziwa letu. Hata hivyo kinatufaa sana, kwa kuwa wengi wanaoonekana Kigoma wako na huku. Kwa Kongo nzima, yenye aina zaidi ya 1,100 za ndege, anayetaka kitabu kimoja hukimbilia kile cha Sinclair na Ryan kinachohusu Afrika yote kusini mwa Sahara. Ni kizito, na kila ndege amepewa maneno machache. Vijana wanatumia simu. Kuna programu ya Merlin ya chuo kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo ukishapakua orodha ya eneo lako pale penye mtandao mzuri, inafanya kazi hata ukiwa huna mtandao wala bando. Inasaidia, lakini mimi bado namwambia kijana aandike kwanza alichokiona, ndipo afungue simu.

Darubini nilipata baadaye, ya mtumba, imeandikwa 8x42. Nane ni mara ngapi inakuza. Arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kikiwa kipana ndivyo unavyoona vizuri alfajiri. Kioo kimoja kina ukungu ndani, upande wa chini. Nimeuzoea.

Hapa niseme neno kwa wanaotaka kuanza mjini kwetu. Darubini ni kitu kinachotisha watu. Bandarini, karibu na uwanja wa ndege na karibu na wanajeshi haitoki mfukoni, hata kama kuna furukombe amekaa juu ya winchi. Mahali pengine nilikwenda kwanza kujitambulisha kwa shefu wa kartie, nikamwonyesha daftari, nikampa darubini aangalie mwenyewe. Alimtazama mnana anayefuma kiota kwenye mchikichi wa jirani yake mpaka nikaogopa hatanirudishia. Huyo mnana naye ana habari ndefu. Dume anachana jani la mchikichi kuwa nyuzi, anafuma, kisha ananing'inia chini ya kiota akipiga mabawa amwite jike. Jike anaingia, anakagua. Kiota kikikaa bila kukubaliwa mpaka kikakauka, dume anakibomoa mwenyewe na kuanza upya. Na wakati huohuo kuna kekeo mdogo wa kijani anayeng'aa, anavizia jike atoke ili atage yai lake humo, alelewe mwanawe na wengine. Shefu alisikiliza yote hayo. Tangu siku hiyo vijana wakiuliza ninafanya nini, yeye ndiye anayewajibu.

Kisha maji yakaja.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 hivi, na kina chake kinafika kama mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Mvua ya Burundi inaingia humo kwa Rusizi, ya Tanzania kwa Malagarasi, na ya milima yetu kwa mito mingi midogo. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, na mlango huo uko kwetu, Kalemie. Wazee wanakumbuka mwaka 1964 ziwa lilivyopanda. Kabla yao, msafiri Cameron alipofika hapa mwaka 1874, mto ulikuwa umezibwa na matope na mimea; miaka michache baadaye ziwa lilijaa, likavunja kizuizi na kumwagika kuelekea mto Lualaba. Kwa hiyo si mara ya kwanza. Lakini kujua historia hakumzuii mtu kulia. Maji yalipanda tangu 2020, yakashuka, yakapanda tena, na mwaka 2024 yakaingia mitaa ya chini ya mji. Mchanga wetu wa kuanikia ulizama. Nyumba aliyoijenga mama yangu, ambamo nami nimezalia watoto wangu, ilisimama majini mpaka dirishani, kisha ukuta wa nyuma ukaanguka.

Tulihamia kilimani, nyumba ya kupanga. Nilianza kulichukia ziwa. Nilipita barabara ya juu ili nisilione, niliwatuma wengine kununua samaki, na daftari nililitupa chini ya godoro. Sikutaka kusikia habari ya mdiria wala ya mtu yeyote anayeishi kwa maji yale.

Aliyenirudisha ni binti yangu. Alikwenda na wenzake kutafuta mabati yetu, akarudi akasema, "Mama, kuna ndege anatembea juu ya maji nyumbani kwetu." Nilimwambia hakuna ndege wa namna hiyo. Akasisitiza. Siku ya pili nilishuka naye. Tulisimama pale barabara ilipokatika, na mbele yetu uwanja wetu wote ulikuwa umefunikwa na majani yanayoelea. Juu ya majani hayo, mahali palipokuwa jiko la mama yangu, alikuwa anatembea ndege mwekundu wa kahawia, shingo nyeupe mbele, paji la uso la buluu, na vidole virefu ajabu, kila kimoja karibu urefu wa mguu wenyewe. Alikuwa anaweka mguu juu ya jani, jani linazama kidogo, anauhamisha kabla halijazama zaidi. Kwa Kifaransa anaitwa jacana. Nilikuwa nimemwona kitabuni tu.

Nililia mbele ya mtoto wangu. Na wakati nalia nilikuwa natazama vidole vile, naona jinsi vinavyogawa uzito, na sikutaka aondoke. Kitu hicho sikuweza kukieleza kwa mtu yeyote wakati ule, na hata sasa nakieleza kwa shida: nyumba ilikuwa imekwenda, hasara ilikuwa palepale, lakini niliweza kusimama mahali hapo. Wiki zilizofuata nilirudi mara kwa mara. Tukagundua wako wawili. Jakana dume ndiye anayelalia mayai na kulea watoto. Jike anataga na kwenda kutafuta dume jingine. Siku ya hatari baba anawakumbatia vifaranga chini ya mabawa na kuondoka nao, miguu yao inaning'inia nje. Tuliiona miguu hiyo, mimi na binti yangu, na baadhi ya majirani zetu wa zamani waliokuja nao kuangalia nyumba zao. Walikuja kuangalia nyumba, wakabaki wakinong'ona kuhusu vifaranga.

Nimerudi ziwani tangu wakati huo. Naanika sehemu nyingine, mbali kidogo, kwa gharama zaidi. Na natembea ukingoni kila alfajiri kabla mitumbwi haijafika. Mwezi ukiwa mpevu na wavuvi wa taa wamepumzika, ndipo natembea mbali zaidi.

Kule kilimani tulikohamia kulikuwa na jambo jingine. Bundi alikuwa analala katika jengo bovu lililoachwa, yule mwenye uso mweupe. Kwetu mnajua bundi anasemwa nini. Vijana walikuwa wamekusanya mawe, na mtu mmoja mwenye kuheshimiwa alikuwa amesema mgonjwa wa nyumba ya tatu hatapona ndege huyo akiwa hai. Sikubishana naye kuhusu uchawi. Nilikwenda asubuhi nikaokota chini ya ukuta yale madonge ambayo bundi anayatema, nikayaloweka kwenye sahani, nikayafungua mbele ya majirani kwa sindano ya kushonea magunia. Ndani mlikuwa na manyoya na mafuvu ya panya, meno ya njano bado yamo. Donge moja, mafuvu matatu. Kila mwanamke aliyekuwa pale anaweka chakula ndani, mahindi, mihogo, ndagala, na kila mmoja anawajua panya. Hawakuamini wote. Bundi hakuguswa, na mgonjwa alipelekwa hospitalini.

Jumamosi sasa tunatoka kikundi: wanawake wa ndagala, wanafunzi, mwendesha pikipiki mmoja mwenye masikio makali kuliko sisi sote. Mzee anakuja akiwa na nguvu. Wazo la kutoka siku maalumu tulilichukua kwa wenzetu wa Nairobi, ambako Fleur Ng'weno na chama cha mazingira, kilichoanzishwa tangu 1909, wamekuwa wakitembeza watu kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi tangu miaka ya 1970, mwenye kujua na asiyejua. Orodha zetu tunaziingiza katika eBird, hazina ya kumbukumbu ya Cornell, ambako mtu yeyote duniani anaweza kusoma nini kilionekana Lukuga na lini. Juzi mwanafunzi mmoja alimwonyesha kila mtu tai mweupe kwa mweusi, uso wa ngozi nyekundu, amekaa kwenye michikichi akichuna ngazi kwa mdomo. Ni tai anayekula matunda ya mchikichi. Watu walikataa: tai gani hali nyama? Tukakaa mpaka wakamwona wote akimeza.

Mambo makubwa yako karibu nasi na bado hatujayafikia. Kaskazini kuna mlima Kabobo. Mwaka 1955 Alexandre Prigogine, Mbelgiji mzaliwa wa Urusi, ndugu yake Ilya aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977, alimwandika ndege mdogo wa kijivu, apalis wa Kabobo, ambaye anaishi katika misitu ya mlima huo na si kwingine duniani. Hifadhi ya Kabobo ilianzishwa mwaka 2016, lakini njia ya huko inategemea usalama, na sisi hatuendi mpaka wenyeji watuambie kumetulia. Kusini, nyanda za juu za Marungu, kuna chozi aliyepewa jina la Prigogine huyohuyo. Anaishi katika misitu myembamba kando ya vijito, na misitu hiyo inakatwa na kukanyagwa na ng'ombe. Naye hapatikani popote pengine. Watoto wa jimbo la Tanganyika wanajifunza shuleni kuhusu simba na tembo ambao wengi wao hawatawaona; hawa wawili ni wa jimbo lao, na sijakutana na mtoto aliyesikia majina yao.

Kiangazi kijacho nina mzigo wa kupeleka Moba. Nimekwisha mwambia mwenzangu wa biashara kwamba nitachelewa kurudi, kwa sababu nikimaliza kuuza nitapanda Kirungu na kutafuta mtu wa kuniongoza kwenye vijito vya Marungu. Kama wewe unayesoma unaishi huko, unachunga au unalima kando ya mto, na umewahi kuona chozi dume kifua chekundu, mgongo wa kijani unaong'aa, akinyonya maua ya ukingoni, niandalie habari zake: kijito gani, maua gani, saa ngapi. Nitaleta ndagala.